Akipigwa mionzi mgongoni, uvimbe wa pafuni nao utanywea?

Mama ana saratani iliyosambaa. Daktari anataka kumpiga mionzi mgongoni tu. Kwenye pafu je?

Msiuwekee tumaini. Mionzi hulengwa mahali pamoja na hufanya kazi hapo. Lakini hutokea, mara chache mno, uvimbe wa mbali nao ukanywea. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza, R. H. Mole, aliita hali hiyo abskopali. Mapitio ya mwaka 2016 yalikusanya visa 46 tu vilivyoripotiwa kuanzia 1969 hadi 2014. Vilinganishe na mamilioni ya watu waliopata mionzi katika miaka hiyo!

Unanyweaje bila kuguswa?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kinga ya mwili. Seli za saratani zikifa kwa mionzi humwaga protini zake. Seli za kinga huziokota, huzipeleka kwenye tezi, na huko seli T, askari wa kinga, hufundwa kumtambua adui. Zikitoka, humsaka popote alipo. Tatizo ni kwamba saratani ina mbinu za kuzilaza seli hizo, na mara nyingi hufaulu.

Kuna aliyewahi kupona hivyo?

Kupona ni neno kubwa. Kisa kinachotajwa sana ni cha mwanamke wa New York, kilichochapishwa mwaka 2012. Alikuwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na alikuwa akitumia ipilimumab, dawa inayoiondolea kinga breki, lakini ugonjwa ukawa unaendelea polepole. Uvimbe ulio kando ya uti wa mgongo ulipomsumbua kwa maumivu, alipigwa mionzi mara tatu ndani ya siku saba. Miezi michache baadaye uvimbe huo ulikuwa umepungua, na tezi za kifuani na madoa ya kwenye wengu, ambayo hayakupigwa mionzi, nayo yamenywea.

Basi wote wapewe dawa hizo pamoja na mionzi?

Wengi walidhani hivyo. Jaribio lililochapishwa 2021, la wagonjwa 62 wa saratani ya kichwa na shingo iliyosambaa, lililinganisha nivolumab, nayo dawa ya kuiondolea kinga breki, ikitumiwa peke yake na ikitumiwa pamoja na mionzi. Uvimbe usiopigwa mionzi haukunywea zaidi kwa waliochanganyiwa. Vichwa vya habari huwa havifiki hapo.

Mionzi ya mgongoni ya nini, basi?

Kupunguza maumivu, na pengine kuzuia uvimbe usibane uti wa mgongo hadi miguu ikapooza. Hiyo peke yake inatosha kuikubali. Ila muulizeni daktari: uvimbe wa pafuni utatibiwa kwa dawa gani, na lini?