Je, wajua kwa nini foo-wili hukwama huku matairi mawili yamesimama tuli?

Hilux ya miaka ya nyuma, isiyo na vikorokoro vya kompyuta, imeingia korongoni kwa mshazari. Makorongo ya namna hiyo yamejaa kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, na kuna watu huyafuata makusudi wikiendi. Tairi la mbele kushoto linaning'inia hewani. La nyuma kulia limegusa tope kwa shida. Dereva ameshaingiza foo-wili na anakanyaga mafuta. Matairi hayo mawili yanazunguka kama yamerogwa, tope linaruka hadi juu ya paa. Mawili mengine, yaliyokaa juu ya changarawe kavu na kubeba karibu uzito wote wa gari, hayasogei hata inchi.

Hapo ndipo maelezo huanza kutolewa na kila aliyesimama ukingoni. Wa kwanza atasema foo-wili imekufa. Wa pili atasema hub za mbele, yaani vifungio vinavyounganisha matairi ya mbele na ekseli, hazijaingia, na kwa magari yenye hub za kufunga kwa mkono huwa inafaa kwenda kuzitazama kweli. Wa tatu, mara nyingi fundi, atatoa jibu linalosikika la kitaalamu: difu, yale magia ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kulia na kushoto, imepeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza, lile zuri limenyimwa.

Jibu la tatu ndilo lililoenea zaidi, na lina kosa linalomfanya mtu aweke mawe chini ya tairi lisilohusika. Difu ya kawaida, isiyo na loki ya kuifunga, haipendelei upande wowote. Nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye ekseli inagawanywa nusu kwa nusu kati ya kulia na kushoto, iwe lami au tope, tairi likizunguka au likisimama. Kinachoruhusiwa kutofautiana ni mwendo tu. Gari hilo limekwama kwa sababu ya usawa huo wenyewe.

Kwa nini difu ikawekwa? Kwa sababu ya kona. Gari ambalo matairi yake ya kulia na kushoto yameachana mita 1.5 likizunguka duara kamili, tairi la nje husafiri karibu mita 9.4 zaidi ya la ndani. Cha ajabu ni kwamba mita hizo hazibadiliki, duara liwe dogo la kugeuzia gari au kubwa la uwanja mzima. Ekseli ikiwa chuma kimoja kilichonyooka, tairi moja lazima liburuzwe. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilitatua hilo kwa gari la mvuke mwaka 1827, na gia alizozitumia ni jamaa wa karibu wa zilizomo kwenye Hilux yetu.

Sasa namna usawa huo unavyofanya kazi. Chukua maksai wawili waliofungwa nira moja, na mnyororo wa plau umefungwa katikati kabisa ya nira. Wakivuta sawa, nira inakaa mraba na plau inakwenda. Mmoja akivuta zaidi kidogo, upande wake wa nira unatangulia, wa mwenzake unarudi nyuma, na tofauti hiyo inavumilika. Ndivyo wanavyopita kona ya shamba. Lakini mmoja akiacha kuvuta kabisa, hata yule mwingine awe na nguvu za kung'oa mti, nguvu zake zitaishia kuipindua nira. Mnyororo wa katikati utalegea. Maksai mwenye nguvu hakunyang'anywa kitu na mvivu hakupewa cha ziada. Ni kwamba ukifunga mnyororo katikati, mwenye nguvu anaweza kuvuta kiasi kile tu ambacho mwenzake anakihimili upande wa pili. Ungetaka nguvu zake zifike kwenye plau, ingebidi nira ifungwe isipinduke.

Turudi kwenye gari na tuweke tarakimu za mfano. Tuseme tairi la nyuma kushoto, juu ya changarawe, lina mshiko wa kuweza kusukuma kilo 400 kabla halijateleza. La nyuma kulia, kwenye tope, linateleza likifika kilo 40. Ungetegemea ekseli isukume kilo 440. Utapata 80: arobaini za tope, na arobaini nyingine kwa tairi zuri, ambalo lingebeba mara kumi ya hapo. Tairi likiwa hewani, hesabu ni sifuri jumlisha sifuri.

Ukiongeza mafuta hakuna kinachobadilika isipokuwa kasi. Injini haiwezi kutoa nguvu ya kuzungusha pasipo kitu cha kuikatalia, na tope halikatai. Dizeli inayoungua inaishia kuwa joto na matope ya kurushwa. Kwa maana hiyo fundi wetu ana nusu ya ukweli: kazi yote ya injini inakwenda kwenye tairi linalozunguka. Nguvu ya kusukuma ndiyo isiyokwenda huko. Haikwenda kokote.

Jambo dogo la kutazama kwenye dashibodi: tairi moja likiwa limesimama, mwenzake anazunguka mara mbili ya kasi inayoandikwa. Mshale ukionyesha 40, tairi la topeni liko kwenye 80. Gia ndogo za ndani ya difu zimeundwa kujisogeza polepole kwenye kona. Ukizizungusha hivyo kwa dakika nzima, pini zinayozungukia inaanza kuliwa. Tairi likidaka jiwe ghafla katika kasi ile, kinachokatika ni ekseli.

Kwa hiyo mawe, matawi au mkeka wa mpira wa gari huwekwa chini ya tairi linalozunguka. Watu wengi hufanya kinyume. Wanalihurumia lile lililosimama kwa sababu ndilo linaloonekana kukwama. Kuchimba mbele ya tairi lililosimama kunasaidia, kwa sababu unaondoa kizuizi. Kuliongezea mshiko hakukupi kitu. Ila kila kilo unayoiongeza kwa tairi dhaifu inahesabiwa mara mbili: litoe kutoka 40 hadi 120, na ekseli nzima inatoka 80 hadi 240. Mara nyingi hiyo inatosha kulitoa gari.

Na foo-wili yenyewe, je, inafanya nini? Kwenye Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Jimny, ukiingiza 4H (foo-wili ya mwendo wa kawaida) unafunga propela, yaani shafti ndefu za kupeleka nguvu kwenye ekseli, ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Basi. Hakuna kilichofungwa kati ya kulia na kushoto. Ili gari likwame inabidi tairi moja kila ekseli likose mshiko, na korongo la mshazari linafanya hivyo hasa. Ndiyo maana pia 4H kwenye magari haya haitumiki kwenye lami kavu: kwenye kona matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo haina pa kutokea.

Defender za zamani na Prado nyingi zina foo-wili ya muda wote, hivyo zina difu ya tatu katikati. Kwenye Defender, loki ya katikati ikiwa wazi, tairi moja tu la hewani linatosha kulisimamisha gari zima. Loki hiyo ingizwe kabla ya tope. Wengi huiona taa yake kwenye dashibodi wakaamini wamefunga difu ya nyuma, ambayo ni kitu kingine, na magari mengi hayana.

Gari likinasa, acha mafuta ndani ya sekunde tatu au nne. Kila sekunde ya ziada inachimba shimo. Mtu mmoja asimame pembeni, mbali na mbele na nyuma ya matairi, aangalie ni yapi yanazunguka. Dereva hawezi kujua kwa kusikiliza. Punguza upepo: kama unatembea na psi 32, shuka hadi 20, na kwenye mchanga 18. Tairi linarefuka mahali linapogusa ardhi, tena kwa matairi yote manne, wanyonge wakiwemo. Ukishuka hapo, usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa na usikate kona kali, na usisahau kujaza tena kabla ya lami. Kisha weka mawe, ingiza 4L (foo-wili ya mwendo mdogo), ondoka kwa gia ya pili na mguu mwepesi. Gia ya 4L ya Hilux inazidisha nguvu ya injini takriban mara 2.5, lakini mshiko ndio uliokosekana hapa. Unachokitaka kwake ni mwendo wa taratibu.

Kuna ujanja wa kuvuta hendibreki nusu, wa magari yenye breki hiyo kwenye matairi ya nyuma, na madereva wa zamani huuapia. Tuupigie hesabu. Breki inashika kilo 100 kila upande. Upande wa tope sasa unakataa kwa 140, kwa hiyo difu inapeleka 140 upande wa pili pia. Vizuri. Ila upande huo nao una breki, inayokula 100 zake. Zinabaki 40. Umerudi ulipoanza, na umepasha breki moto bure.

Hata hivyo kuna waliotoka topeni kwa njia hiyo, na si lazima wawe waongo. Difu ina msuguano wake wa ndani, unaoongezeka kadiri inavyobebeshwa, na msuguano huo unalipendelea kidogo tairi linalozunguka polepole. Breki za gari kuukuu pia hazishiki sawa, na ikitokea upande wa tope unashika zaidi, faida ipo. Ukishika zaidi upande mwingine, ni hasara. Huenda pia hendibreki inamfanya dereva apunguze papara. Mibano miwili au mitatu haitakuumiza. Isipokuwa kwenye Defender ya zamani: hendibreki yake inashika propela, haigusi matairi, na kuivuta huku gari linakokotwa na injini ni kuitafutia gharama.

Ujanja huo unafanya kazi kweli kwenye difu zinazobana. Hilux nyingine hutoka kiwandani na difu ya nyuma yenye sahani za msuguano, nayo huhitaji oili yake maalumu. Ukiweka ya kawaida huanza kutetemeka na kunguruma kwenye kona. Difu ya aina ya Torsen, inayobana kwa gia zake yenyewe, huzidisha: upande dhaifu ukikataa kidogo, wenye nguvu hupata mara kadhaa ya hapo. Ndiyo sababu madereva wa Humvee za jeshi la Marekani, zenye Torsen mbele na nyuma, hufundishwa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mtu wa pembeni angedhani hawajui kuendesha.

Magari ya karibuni yametatua hesabu ya hendibreki kwa kufunga breki ya tairi moja tu, lile linalozunguka. Kompyuta inafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, na utasikia mlio wa kukwaruza. Kasoro ni kwamba tairi lazima lianze kuteleza kwanza. Shikilia mafuta palepale sekunde moja au mbili; wengi wanaachia wakati huohuo kwa kuogopa mlio, na kazi inaanza upya. Kwenye mchanga mrefu mambo yanageuka: mfumo unakata mwendo unaouhitaji, kwa hiyo huzimwa kwa kitufe chenye picha ya gari na michirizi ya kuteleza. Kwa RAV4 na wenzake, ambao ekseli ya nyuma inaungwa kwa klachi ya umeme, kuna la ziada. Klachi hiyo hupata joto, na ikizidi hujiachia. Unabaki na matairi ya mbele pekee mpaka ipoe.

Kujua difu yako ni ya aina gani, simamisha gari mahali tambarare, weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, inua matairi yote mawili ya nyuma juu ya stendi, si juu ya jeki pekee. Zima injini, weka 2H (matairi ya nyuma pekee) na gia ya kwanza, achia hendibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. Mwenzake akizunguka kinyume kwa ulaini, ni difu ya wazi. Ikigoma au ikienda kwa uzito, ina kitu cha kubana ndani.

Loki ya difu ndiyo nira iliyofungwa isipinduke. Ikiingia, zile kilo 440 zinapatikana. Iingize gari likiwa limesimama au linatambaa, kabla ya korongo, usukani umenyooka. Ukiingiza tairi likiwa linazunguka kwa kasi, meno yanagongana. Itoe mara tu ardhi ngumu inaporudi. Kwenye mteremko wa ubavu ni afadhali usiitumie kama unaweza kuendelea bila hiyo, maana tairi lililosimama ndilo lililokuwa linashikilia mkia wa gari, na yote mawili yakiteleza pamoja mkia unashuka bondeni. Na kwa kuwa sasa tairi moja linaweza kupokea karibu nguvu yote ya ekseli, shafti yake ndiyo inayofuata kwenye foleni ya kuvunjika. Kwenye Land Cruiser za 70 zenye loki za kiwandani, swichi inapita kwanza kwenye loki ya nyuma ndipo ifike ya mbele. Huwezi kufunga ya mbele peke yake. Ya mbele ikishafungwa usukani unakuwa mzito na gari linakataa kukata kona, tena shafti za mbele zina viungo vya kukunjia, vinavyovunjika upesi zaidi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho.