Mizani ya weupe: kwa nini kanzu nyeupe hutoka buluu pichani

Mpige picha mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwenye kichochoro cha Mji wa Kale wa Lamu mchana, kisha mpige tena usiku akiwa amekaa dakani chini ya balbu. Kwa macho yako kanzu ni ileile, nyeupe pepepe. Kamera isiporekebishwa itatoa mbili: moja imeingia ubuluu, nyingine kama imelowekwa kwenye bizari.

Kamera imesema kweli. Kichochoroni kuta zimebanana, jua halifiki chini. Mwanga mwingi unaokufikia unatoka kwenye anga, nalo ni la buluu. Rangi hiyo ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa una kama 1,900, balbu ya waya 2,700 hadi 3,000, jua la mchana kama 5,500, na kivulini hupita 7,000. Namba inapanda kadiri mwanga unavyoelekea buluu, kwa sababu kipimo chenyewe kimetokana na kitu kinachopashwa moto: huanza kwa wekundu, na kikizidi kuwaka huelekea weupe, kisha buluu.

Ubongo hulisawazisha hilo bila wewe kujua. Kamera inabidi isawazishwe, na kazi hiyo ndiyo mizani ya weupe: kuongeza au kupunguza nguvu ya nyekundu na buluu, kijani kikiwa ndicho kipimo, hadi kitu kisicho na rangi kitoke bila rangi. Ukiiachia kamera yenyewe, hukisia. Jaza fremu na mlango wa nakshi wa mbao, nayo itadhani hudhurungi yote ile ni ya taa. Itamwaga buluu na kuuharibu mlango.

Dawa ni kadi ya kijivu: ipige picha penye mwanga uleule, uiambie kamera kwamba hicho ndicho kijivu. Usitumie kanzu badala yake. Iliyotiwa bluu ya kufulia ina rangi tayari, na sabuni nyingi za unga huacha kemikali zinazogeuza miale ya urujuanimno kuwa mwanga wa buluu.

Harusini ni balaa. Dirisha upande huu, balbu upande ule, na mizani ni moja tu kwa picha nzima. Mimi huzima taa.

Kisha kuna rangi ambazo mizani haiziponyi. Vitambaa vingi vyeusi vya nailoni na poliesta huakisi miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho lakini sensa, kile kipokea-mwanga ndani ya kamera, huipokea. Kamera ya Leica M8, iliyotoka mwaka 2006, ilisifika vibaya kwa hilo: nguo nyeusi zilitoka zambarau, na kampuni ikawagawia wanunuzi filta za kuziba miale hiyo. Kwa hiyo buibui likikutokea na wekundu ilhali kadi imetoka kijivu safi, acha kuhangaika na kelvini, tafuta filta.