Kabla Kufuli Halijabadilishwa: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Baraza la Kata

Malalamiko ya kodi ya nyumba hayakosekani ofisini kwetu, ila Jumatatu ndiyo hujaa. Mwenye nyumba aliyeamua kubadili kufuli hubadili Ijumaa jioni au Jumamosi, akijua mtendaji wa kata hayupo. Mpangaji anarudi kazini anakuta vyombo uani, godoro limeegemezwa ukutani, mtoto kakalia ndoo. Ikifika Jumatatu wote wawili wamevimba kwa hasira na kila mmoja anataka niseme yeye ndiye mwenye haki.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, baraza la kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30 tangu shauri lilipofunguliwa. Suluhu ikishindikana, baraza hutoa cheti kuthibitisha hivyo, na kwa cheti hicho shauri hupokelewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila cheti. Tafadhali rudieni sentensi hiyo. Wapo wanaongoja karatasi miezi mitatu, na wapo wanaokimbilia wilayani siku ya kwanza, kisha wakirudishwa wanasema wamezungushwa. Asiyeridhika na uamuzi wa wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kwenye usuluhishi hukaa wajumbe watatu, na lazima awepo mwanamke angalau mmoja. Wakili haruhusiwi kusimama badala yako. Njoo mwenyewe.

Na uje na vielelezo. Nakumbuka fundi cherehani mmoja aliyedaiwa miezi minne ya chumba cha shilingi 60,000, yaani 240,000. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuja na daftari la mistari ambalo kila malipo yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Fundi alikuja na simu tu. Mjumbe mmoja akamwambia afungue ujumbe wa miamala, ausome kwa sauti. Katikati ya kusoma ukatokea muamala wa 85,000 kwa fundi bomba: choo kilipoziba, mpangaji ndiye aliyelipia, na mama mwenyewe alikuwa amemwambia "tutakatana kwenye kodi", kisha akasahau. Deni likabaki 155,000. Wakakubaliana alipe 55,000 mwisho wa mwezi huo na 50,000 kwa miezi miwili iliyofuata, juu ya kodi ya kawaida. Ikaandikwa, wakasaini mbele ya wajumbe, kila mmoja akaondoka na nakala. Hakuna aliyehama. Ilichukua asubuhi moja.

Sasa haya ninayoambiwa kila wiki. "Sina mkataba, kwa hiyo sina haki." Si kweli. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo. Ulioandikwa ni bora zaidi, ila ulipiwe ushuru wa stempu, maana bila ushuru huo haupokelewi kama ushahidi hadi ulipwe. "Serikali imeweka kikomo cha kodi." Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Na lile la kudumu: "Nyumba ni yangu, namtoa nikitaka." Nyumba ni yako, ndiyo. Kabati si lako. Kikivunjwa chombo cha mpangaji kwa makusudi, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha hadi miaka saba. Anayetoa watu ndani ya nyumba ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, siyo yule dalali aliyekutafutia chumba akabeba kodi ya mwezi.

Kuhusu msaada wa kulipa kodi niseme wazi: halmashauri haina fungu la kulipia watu pango. Mikopo ya asilimia 10, yaani ile inayotengwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya shughuli za kiuchumi, kwa hiyo msije na madaftari ya madeni ya nyumba kwenye dirisha hilo. Aliyeuguliwa au kufiwa aanzie kwa afisa ustawi wa jamii. Wengi wanaolipa kwa awamu hutegemea kikoba, ndugu au mwajiri. Tajeni chanzo hicho kwenye makubaliano, maana mwenye nyumba hukubali haraka akijua fedha itatoka wapi na lini. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria bure, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, amsaidie kuandika malalamiko.

Wenye nyumba nao wanaruhusiwa kufungua shauri la usuluhishi. Kwetu hawafiki hata robo ya wanaokuja. Mpangaji akipitisha mwezi wa kwanza bila kulipa, njoo mwezi huo, na daftari.