Baridi ya Ughaibuni, Joto la Kigoma: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Simu ya Januari kutoka Winnipeg, Kanada, au Helsinki, Ufini, kuja Ujiji, Kigoma, haikosi mambo mawili: baridi, na hamu ya kurudi. Wanaopiga ni watoto waliokwenda kusoma, ndugu waliofuata kazi, na familia zilizokaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kisha zikapewa makazi Marekani au Kanada. Ushauri wanaopewa na nyumbani umejaa upendo, lakini sehemu yake ni makosa, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kosa dogo linaweza kugharimu kidole.

"Sisi watu wa joto, damu yetu haiwezi baridi"

Damu haihusiki. Mwili wa mtu wa Kibirizi, Kigoma, na wa mtu wa Norwe hulinda joto lilelile ndani, nyuzi 37 hivi. Anachotuzidi mwenyeji ni nguo na mazoea ya tangu utotoni. Lipo jambo moja la kulichukulia kwa uzito: tafiti za wanajeshi wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa wenye asili ya Afrika huumia kwa baridi, hasa vidole, kuliko wenzao. Na kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Dalili ni ganzi, ngozi kukakamaa, na kupauka kama imepakwa jivu.

Ukiona hivyo, ingia ndani na uloweke kidole kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Yapime kwa kiwiko, yasichome. Usikisugue. Usikisogeze kwenye moto wala hita, kwa sababu kidole chenye ganzi hakisikii kinapoungua. Kikibaki cheupe, kigumu au kikitoa malengelenge, nenda hospitali siku hiyohiyo.

"Nunua koti zito, umemaliza"

Hili ndilo linalotesa wengi. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, siyo uzito wa kitambaa. Ndiyo maana huvaliwa tabaka tatu: ya kwanza inayogusa ngozi, ya sufu laini au poliesta, ya pili sweta la sufu, ya tatu koti lisilopitisha upepo. Fulana ya pamba, ambayo Kigoma ndiyo raha yetu, huko inakugeuka: hunywa jasho, hukaa mbichi, kisha hukunyonya joto. Mtu akikimbilia basi akalowa jasho, halafu akasimama kituoni dakika 15, atatetemeka hata ndani ya koti la bei mbaya. Fungua zipu kabla ya kutoka jasho, usingoje ulowe.

Upepo nao una hesabu yake. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoe kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo masikio na pua hufunikwa hata kama mwendo ni wa dakika kumi.

Koti la mtumba linafaa kabisa ukijua kulikagua. Yale ya manyoya ya bata yameshonwa vyumbavyumba. Liinue kwenye mwanga: chumba kinachopitisha mwanga ni kitupu, manyoya yamehamia kona moja au yamegandana kwa kutokaushwa vizuri baada ya kufuliwa. Shika donge ulifikiche kwa vidole. Likifumuka, koti bado lina maisha. Likibaki gumu, lirudishe kwenye kamba. Kisha vuta zipu mara kadhaa, utazame kama nyuma yake kuna kitambaa cha kuzuia upepo, na kama mkono unabana vizuri kwenye kifundo.

Viatu: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hupoa zaidi kuliko ungevaa moja. Chukua kiatu chenye nafasi na soksi moja nene ya sufu. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja, gumba likiwa peke yake, zina joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja.

"Jua likiwaka kuna nafuu"

Kule kaskazini, anga lisilo na mawingu la Januari mara nyingi ndilo lenye baridi kali. Mawingu hufanya kazi ya blanketi. Yakiondoka, joto la ardhi hupotea usiku kucha. Tazama kipimajoto, usitazame dirisha.

"Kinywaji kikali kinapasha mwili"

Pombe hupanua mishipa ya ngozini. Unahisi moto usoni huku joto la ndani linatoka nje. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, iwe ni ghorofani ughaibuni au Manyovu usiku wa Julai: hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na wanaolala nayo huenda wasiamke.

"Huyo ana uvivu, aombe tu"

Kijana aliyekuwa mchangamfu anaacha kupiga simu, analala kwa muda wa saa 11, anakula wanga bila kushiba, anakosa vipindi. Nyumbani tunasema ameharibikiwa. Mara nyingi tatizo ni giza. Kigoma iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki dakika 40. Helsinki, mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki urefu wa saa 6. Tromsø, Norwe, jua halionekani kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Huzuni hii ya majira ilielezwa rasmi na madaktari mwaka 1984, na inatibika.

Taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) hutumika dakika 20 hadi 30 kila siku, mapema asubuhi, kwa umbali alioandika mtengenezaji, mara nyingi kati ya sentimita 30 na 60. Macho yawe wazi lakini yasiikodolee. Makosa ya kawaida ni mawili: kuiweka mbali, ambako mwanga hupungua sana, na kuiwasha usiku, ambako hufukuza usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia zinazopanda na kushuka amuone daktari kwanza. Na mtu akianza kusema hana haja ya kuishi, hapo ni daktari leo leo.

Taa hiyo haileti vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu kuitengeneza, na baridi ya kaskazini hailitoi. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya kupukutika majani na ya baridi. Mtu mzima asivuke mikrogramu 100 kwa siku.

"Nikirudi Kigoma mwili utakumbuka"

Ndoto ya kurudi ni halali, ila mwili husahau. Kinga ya malaria tuliyokua nayo hupungua mtu akikaa miaka nje, na mtoto aliyezaliwa huko hana kabisa. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Anza dawa ya kinga kabla ya safari kama daktari alivyoagiza, lala kwenye chandarua chenye dawa, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, hata ikija baada ya kurudi ughaibuni.

Joto nalo huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea. Anayepanga kuhamia aje kwanza Septemba au Oktoba, vumbi na jua vikiwa juu, siyo Desemba peke yake mvua ikiwa imepoza kila kitu. Akijenga, bati lisikae bila dari, na hewa ipewe matundu ya kutokea juu.

Koti la manyoya ya bata mwachie anayebaki. Sweta njoo nalo. Tabora, mkoa jirani, iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai hushuka hadi nyuzi 15 hivi.