Mkanda Usiochezwa Si Mkanda Mpya

Wiki iliyopita mteja aliniletea boksi la mikanda ya VHS, filamu alizokusanya marehemu baba yake, akaniambia kwa fahari: "Fundi, nusu ya mikanda hii haijawahi kuchezwa, bado ni mipya kabisa." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na nimechoka kuitikia kwa adabu.

Ni kweli kwamba kuchezwa huuchakaza mkanda, kwa kuwa ngoma ya deki ya PAL (mfumo wa picha uliotumika huku) huzunguka mara 25 kwa sekunde huku hedi zake, vile vichwa vinavyosoma picha, zikiusugua utepe. Hilo halina ubishi, tuliache. Kinachoua mikanda huku pwani hakimo ndani ya deki, kimo kabatini. Picha imehifadhiwa katika chembe za sumaku zilizoshikiliwa na gundi juu ya utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, na gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, uwe mkanda unachezwa kila Jumamosi au ungali ndani ya nailoni ya dukani, ambayo kwa hakika haizibi hewa. Mkanda wa E-180, yaani wa saa tatu, una utepe wa takriban mita 250 ulioviringwa kwa kubana. Ukungu huanzia kingoni, na kupitia kidirisha huonekana kama vumbi jeupe. Kisha mwenye mali huutia kwenye deki "kuujaribu tu"! Utepe ulioshikamana hukatika, na ukungu hubaki kwenye hedi ukiusubiri mkanda unaofuata. Nayajua haya kwa sababu nilipokuwa mgeni wa kazi niliiharibu hivyo mikanda miwili ya harusi, tena ya harusi moja.

Kila masika yanapokwisha huipeleka mikanda yangu mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili viringo vilegee na kupata hewa, kisha huisimamisha kama vitabu. Nikidaiwa ushahidi kwamba kuizungusha kunasaidia, sina. Mkanda wangu uliochezwa kupita yote bado unaonyesha vizuri, ila ulikaa miaka 15 Dodoma, kwenye hewa kavu, na huenda sifa ni ya Dodoma, si yangu.

Sidharau mapenzi ya watu kwa mikanda hii. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo katika nyumba nyingi deki ilitangulia matangazo, na sauti za wale waliotafsiri filamu kwa Kiswahili mara nyingi hazipo popote isipokuwa kwenye utepe huo. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, kwa hiyo hata deki ninayoiharibu leo haina mbadala mpya.

Boksi la mteja nimelifungua. Ile "mipya" yote ina weupe kingoni, na itabidi niisafishe kwa mkono, mmoja mmoja. Nilipompigia simu kumweleza, aliniuliza kama kwa kuwa haijatumika atapata punguzo.