"Ubaguzi wa kura uliisha 1965": nani kawaambia?

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mzee wa Bukavu ambaye hana hata mwezi tangu aape uraia: "Mwalimu, hayo yaliisha wakati wa Martin Luther King. Siku hizi mtu mweusi akikosa udiwani, ni watu wake hawakujitokeza." Kazi yangu ni kuwaandaa wapiga kura wapya kusini mwa Marekani, na hakuna kauli inayonichosha kama hii.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 iliwafungulia watu weusi daftari la wapiga kura. Lakini mtu anaweza kuwa na kura mkononi na isimpe kiti. Sisi tumezoea kata: Tanzania kila kata ina diwani wake, Kenya kila wadi ina MCA wake. Tukifika huku tunadhani ni hivyo hivyo. Sivyo. Katika miji mingi ya Marekani kila diwani huchaguliwa na mji mzima.

Piga hesabu. Mji una wapiga kura 10,000, weusi 4,000, viti 5. Weupe wakiwapigia weupe wenzao, wale 4,000 hata wakipanga foleni wote tangu alfajiri hawapati kiti hata kimoja, maana kila kiti ni 4,000 dhidi ya 6,000. Gawa mji huo huo kata 5, na kwa kuwa watu weusi walilazimishwa kwa miaka mingi kukaa mitaa yao, viti 2 vinawezekana kabisa.

Mobile, Alabama, ilikuwa hivyo tangu 1911: makamishna 3 wa kuongoza mji, wote wakichaguliwa na mji mzima. Weusi walikuwa karibu theluthi ya wakazi, na kwa miaka 70 hakuchaguliwa hata mmoja. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikawaambia matokeo hayatoshi, thibitisheni nia ya kubagua. Wakafukua nyaraka, wakaikuta barua ya 1909 ambayo mwanasheria mmoja mkazi wa Mobile, Frederick Bromberg, aliwaandikia wabunge wa jimbo. Anakiri humo kwamba walikuwa wakijifanya wanazuia kura za wajinga, kumbe waliokuwa wanazuiwa ni weusi. Wakashinda, na mwaka 1985 mji ulichagua madiwani 7 kwa kata. Weusi 3 wakaingia. Sasa niambieni, ni hao watu wake ndio walioanza kujitokeza mwaka huo?

"Basi kata zikiwepo, kwisha." Hapana, mipaka ina mchoraji. Calera, pia Alabama, walichora upya mwaka 2008, na kata ya diwani mweusi wa pekee ikatoka karibu asilimia 70 ya wapiga kura weusi hadi chini ya 30. Akaanguka. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imeikataa ramani hiyo, uchaguzi ukafanywa upya, akarudi. Calera iko Shelby County, kaunti ile ile ambayo kesi yake ya 2013 ilifanya sharti la ile Sheria ya 1965, la kuomba kwanza kibali cha Washington kabla ya kubadili ramani kama hizi, lisitumike tena. Leo ramani inaanza kutumika kwanza, anayeumia ndiye atafute wakili.

"Uchaguzi wa mji ni mdogo, mimi nasubiri wa rais." Newbern, Alabama, haina watu 200, wengi wao weusi, na ilikaa miongo bila uchaguzi, uongozi ukipokezanwa tu. Mwaka 2020 Patrick Braxton akachukua fomu, akakosa mpinzani, akawa meya mweusi wa kwanza. Viongozi waliokuwepo wakakutana kwa siri wakajipa viti vya baraza la mji, na ofisi ya mji ikabadilishwa kufuli. Aliingia ofisini 2024, baada ya kesi. Kama mji ni mdogo hivyo, kufuli lilikuwa la nini?

Kwa hiyo kabla hamjaniuliza tena habari za rais, nendeni kwa karani wa mji wenu na maswali mawili: madiwani wetu huchaguliwa kwa kata au na mji mzima? Na baada ya sensa ya 2030, vikao vya kuchora mipaka vitatangazwa wapi? Mzee wa Bukavu anakwenda Jumatatu, na mjukuu wake atamsindikiza.