Nywila ngumu si lazima iwe imara

Kila mtu akiingiliwa kwenye akaunti yake, ushauri ni uleule: "Weka nywila ngumu." Nimeusikia mno, na linalonikera ni hilo neno "ngumu".

Nywila, au nenosiri, ni mfuatano wa herufi, tarakimu au alama unaoithibitishia mashine kwamba mwenye akaunti ni wewe. Basi. Kwenye kompyuta iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwanasayansi wa kompyuta Fernando Corbató na wenzake walipotaka watu wengi watumie mashine moja bila kuingiliana mafaili. Wazo lenyewe ni la zamani, la askari wa zamu langoni: taja neno, upite. Neno moja, lango moja. Leo mtu mmoja ana malango chungu nzima, na kila lango linadai neno lake.

Sasa, ngumu kwa nani? Mwaka 2003 Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo uliohimiza kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilisha nywila mara kwa mara. Ukaenea kotekote. Watu nao wakatafuta njia ya kukumbuka: "mapenzi" ikawa "Mapenzi1!". Programu za wadukuzi zinaijua mbinu hiyo fika. Anayeumia ni mwenye simu. Kupata ile alama lazima abadilishe kibodi. Kidole kikiteleza haoni alipokosea, kwa kuwa kila herufi imegeuka nukta. Akirudia mara kadhaa anafungiwa. Mwishowe anaiandika kwenye karatasi na kuichomeka nyuma ya kava, nasi tunamwita mzembe. Hapana, tumemtwisha mzigo usiobebeka. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alisema anajutia mengi aliyoyaandika, na NIST mwaka huohuo ikaacha kupendekeza masharti hayo.

Imara ni ile ambayo mashine ya mdukuzi haiikisii upesi, na hapo urefu ndio wenye nguvu: kila herufi ndogo unayoongeza bila mpangilio huzidisha mara 26 makisio ambayo mashine hiyo inapaswa kuyajaribu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa nasibu, hukumbukika na bado huisumbua mashine. Tena kila akaunti na yake, ili ya kule ikivuja isifungue huku.

Kwa hiyo ukimsaidia mzazi au jirani kufungua akaunti, naomba usimwambie aweke nywila ngumu. Mwambie aweke ndefu, umpe muda aitunge mwenyewe, na ugeuze uso anapoiandika.